Kununua usukani wa gemu ukiwa Mtwara au Lindi: uanzie wapi

Malipo ya korosho yakianza kuingia, maswali nayo yanaanza. "Kaka, nina PS4, nichukue usukani gani?" "Huu wa bei poa wa Kariakoo unafaa?" "Nimechomeka, taa inawaka, mbona gari haikati kona?" Ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa utaratibu wa hatua. Ukisoma hadi hatua ya tano tu, tayari utakuwa umejiepusha na hasara nyingi ninazoziona.

Usukani hauchaguliwi kwa sura. Unachaguliwa kwa mashine uliyonayo, gemu unayocheza na meza utakayoufunga. Bei inakuja baada ya hayo matatu. Ukianza na bei utauziwa boksi lenye picha ya Ferrari na ndani yake mna toy.

Kwetu Kusini kuna sababu ya ziada ya kuwa makini. Duka la kwenda kujaribu usukani kabla ya kulipa ni nadra kulipata, iwe Mtwara mjini, Lindi, Masasi au Nachingwea. Mzigo unatoka Dar kwa basi, mamia ya kilomita. Kuurudisha ni nauli nyingine, na muuzaji atakuwa "yupo bize kidogo."

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Jina kamili la mashine yako. "PlayStation" haitoshi. Ni PS3, PS4 au PS5? Ni Xbox One au Series S?
- Orodha ya gemu unazocheza kweli, siyo unazotarajia kuja kucheza.
- Futi ya fundi, upime unene wa meza.
- Soketi mbili karibu na TV, na gadi ya umeme. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, adapta ya usukani ndiyo inayotangulia kufa.
- Bajeti iliyohesabu usukani, usafirishaji na pesa ya seremala. Watu wengi husahau ya seremala.

Hatua ya 1: Anza na mashine

Usukani wa Xbox haufanyi kazi kwenye PlayStation, na wa PlayStation haufanyi kazi kwenye Xbox. Kompyuta ndiyo inayokubali karibu kila kitu, mashine za gemu hazina huruma hiyo.

Kwa PS4 na PS5, majina utakayokutana nayo sana ni Logitech G29 na G923, na Thrustmaster T128, T150, T248 na T300. G29, T150 na T300 zilitengenezwa enzi za PS4 lakini PS5 inazitambua, na Gran Turismo 7 inazikubali.

Kwa Xbox One na Series, tafuta Logitech G920, G923 ya Xbox, au Thrustmaster TMX, T128 ya Xbox na T248X. Usukani wa Xbox 360 hauingii kwenye Xbox One, hata muuzaji aape vipi.

Angalizo linalowaponza wengi: G923 zipo mbili, moja ya PlayStation na nyingine ya Xbox, na kwa mbali zinafanana kabisa. T128 nayo ni hivyo hivyo. Ukitumiwa picha, vuta karibu uangalie vitufe vilivyo katikati ya usukani. Ukiona pembetatu, duara, msalaba na mraba, hiyo ni ya PlayStation. Ukiona herufi A, B, X na Y, ni ya Xbox. Usitegemee maelezo aliyoandika muuzaji, tegemea vitufe.

Mwenye PS3 asijione ameachwa. Logitech G27 na Driving Force GT zinapatikana kwa mkono wa pili, na zinakwenda vizuri na Gran Turismo 5 na 6. Ila ujue ukija kuhamia PS4, G27 hiyo haihami nawe. PS4 haiitambui.

Kuna vidude vya kuchomeka katikati ili kuidanganya mashine, kama Drive Hub. Vinafanya kazi kwa modeli fulani. Kwa anayeanza sivishauri: ni gharama juu ya gharama, na kikileta shida huku kwetu hutapata wa kukuelekeza.

Hatua ya 2: Hakikisha gemu inaukubali

Mashine kuutambua usukani ni jambo moja, gemu kuukubali ni jambo jingine. Gran Turismo 7, Assetto Corsa, mfululizo wa F1 na Forza zimetengenezwa zikiwa na usukani akilini. GTA V kwenye PlayStation na Xbox haina sehemu ya usukani. Narudia, maana hili ndilo swali la kila kijana: huwezi kuzunguka Los Santos na G29 kwenye PS4. Zile video unazoziona mtandaoni ni za kompyuta zilizowekewa programu za ziada. Hata Euro Truck Simulator 2, ile ya malori, ilitoka kama gemu ya kompyuta.

Hapo hapo piga hesabu ya bando. Gran Turismo 7 inachukua zaidi ya GB 100, na sehemu yake kubwa haichezeki bila intaneti hata kama unacheza peke yako. Ukiwa Newala na mtandao unakuja kwa msimu, nunua Assetto Corsa ya diski au F1 ambayo ligi yake ya mchezaji mmoja inakwenda bila intaneti. Usukani mzuri na gemu isiyofunguka ni pambo la sebuleni.

Hatua ya 3: Unaorudisha nguvu, au unaotetemeka tu?

Hapa ndipo pesa inapotofautiana, na hapa ndipo wauzaji wanapopachezea.

Usukani wa kweli una mota ndani. Gari likiingia kwenye kona, usukani unakuwa mzito mkononi. Matairi ya mbele yakianza kuteleza, unalegea ghafla, na wewe unajua umeingia kona kwa kasi mno kabla hata macho hayajaona. Kwenye boksi lake utakuta maneno Force Feedback. Zote nilizozitaja kwenye hatua ya 1 zina mota.

Usukani wa bei ndogo una springi au mpira wa kuurudisha katikati, na baadhi zina kimota kidogo cha kutetemesha kama kile cha kwenye padi. Boksi la zenye kimota hicho litasema Vibration. Thrustmaster T80 na Hori Apex ni kundi hili lisilo na mota ya kusukuma; ni vya kampuni zinazoeleweka, vina leseni ya PlayStation, lakini havikusukumi. PXN V9 nayo imo humo, na inauzwa sana kwa sababu inakuja na pedeli tatu na gia kwa pamoja. Kabla hujaichukua, jua kwamba kwenye PS4 inataka padi yako halisi ichomekwe kwa waya kwenye usukani ili mashine ikubali. Padi feki ya mtaani hapo haisaidii. Tena gemu nyingi zitaiona kama padi tu, siyo usukani, kwa hiyo ukikata kidogo gari linakata sana.

Ushauri wangu, na wapo watakaonipinga: kama pesa yako inatosha usukani wa springi peke yake, endelea na padi, jikusanye. Usukani wa springi unafaa kwa mtoto wa miaka minane. Mtu mzima ataucheza wiki mbili kisha utaishia juu ya kabati.

Kingine cha kuangalia ni nyuzi za mzunguko. Usukani wa nyuzi 900 unazunguka mara mbili na nusu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, karibu sawa na gari la kawaida. Wa nyuzi 180 au 270 hauzunguki hata mara moja. Logitech zote nilizozitaja zina 900, T150 na T300 zina 1080. Tofauti ya 900 na 1080 usiisumbukie.

Hatua ya 4: Angalia pedeli kuliko usukani

Muda unaupata kwenye breki, siyo kwenye kuzungusha. Lakini kuna sababu nyingine ya watu wa pwani kuzikagua pedeli: chumvi na unyevu.

Pedeli za G29, G920 na T150 zinapima mguu kwa kutumia kidude kinachosuguana ndani. Vumbi na unyevu vikiingia, mguso unaharibika. Utaona gari linajishika breki lenyewe kwenye mstari ulionyooka, au mafuta yanakwenda robo tatu wakati umekanyaga hadi chini. Pedeli za T128 na T248 zinatumia sumaku, hakuna kinachosuguana. Kama unakaa Shangani au Mikindani, madirisha yako yanaelekea bahari na hata bawaba za mlango zinaota kutu, hilo peke yake linatosha kukuelekeza upande wa sumaku.

Breki ya G29 ina kipande cha mpira ndani ya springi, kwa hiyo ni ngumu. Wageni hudhani imeharibika. Haijaharibika, inataka ukanyage kama unavyokanyaga Land Cruiser la zamani.

Hatua ya 5: Chagua

Kwa mtu anayeanza, nyumbani, na PS4 au PS5: G29 ya mkono wa pili iliyo nzima, au T128 mpya. G29 imekuwepo tangu 2015, imeenea, na mafundi wamezizoea. Inatumia gia za meno ndani, hivyo ina kelele ya kukwaruza. Kama umepanga chumba na jirani yupo ukuta wa pili, saa tano usiku atakugongea.

T128 ni tulivu zaidi na pedeli zake ni za sumaku, ila zipo mbili tu, mafuta na breki. T248 ina pedeli tatu na kioo kidogo cha kuonyesha spidi. T300 inatumia mkanda badala ya gia za meno, laini sana, na bei nayo inapanda.

G923 ilitoka 2020 Marekani kwa karibu dola 400, bei ile ile G29 iliyotoka nayo mwaka 2015. Ndani zinakaribiana mno. Kama tofauti ya bei kati ya G923 na G29 nzima ni kubwa, chukua G29, kinachobaki kipeleke kwa seremala.

Hizi mpya ambazo usukani umeshika moja kwa moja kwenye mota, kama Fanatec na Moza, ni nzuri kupita zote hizo. Ila siyo za kuanzia, na Moza R5 kwa mfano ni ya kompyuta tu. Zile zenye nguvu kubwa zinataka pia fremu ya chuma, meza ya kawaida inaweza isizihimili.

Mwenye banda la gemu: chukua ya gia za meno, G29 au G920. Watoto wanauvuta usukani kana kwamba wanang'oa muhogo, na hizi zinavumilia. Piga hesabu ya muda wa kupumzika pia. Mota ikipata moto kwa saa nyingi ndani ya banda la bati, nguvu inapungua.

Hatua ya 6: Gia ya mkono isubiri

Nyuma ya usukani kuna vibapa viwili vya kubadili gia kwa vidole. Vinatosha kabisa. Gia ya mkono ya Logitech inauzwa peke yake, inachomekwa nyuma ya usukani, uinunue ukishazoea breki. Siku ukiinunua, ifunge upande wa kushoto kama gari zetu zilivyo. Subaru Impreza na Skyline ndani ya Gran Turismo usukani wao uko kulia, kwa hiyo utajisikia nyumbani.

Hatua ya 7: Kununua bila kulizwa

Kabla ya kutuma hata shilingi, omba video. Siyo picha. Kwenye video hiyo taka kuona:

- Karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako, imewekwa juu ya usukani.
- Usukani umechomekwa kwenye mashine ya aina yako, na unawashwa. Usukani wenye mota, ukiwashwa, unajizungusha wenyewe kushoto na kulia kisha unatulia katikati. Usipojizungusha, acha.
- Mtu anauzungusha haraka mwisho hadi mwisho mara kadhaa ndani ya gemu, kisha anaurudisha katikati. Gari kwenye kioo nalo liwe limenyooka. G27 hasa zina ugonjwa wa kisahani kidogo cha kupima mzunguko kupasuka ndani, na dalili yake ni katikati kuhama.
- Kila pedeli inakanyagwa polepole, na mstari kwenye kioo unapanda bila kurukaruka.
- Adapta yenyewe, upande wa maandishi. Isomeke INPUT 100-240V. Ikiwa imeandikwa 100V au 120V tu, ni ya Japani au Marekani, na umeme wetu wa 230V utaichoma siku hiyo hiyo.

Adapta ya G29 inatoa volti 24. Ukiambiwa "adapta imepotea ila hata ya ruta inaingia," ya ruta mara nyingi ni volti 12, haitaendesha mota hiyo. Usukani usio na adapta yake punguza bei sana, au uache.

Mzigo ufungwe na pedeli zikiwa zimetengwa na usukani kwa kadibodi. Pedeli ni nzito na zikigongana njiani zinavunja vibapa. Ukifika ofisi ya basi pale stendi, fungua mbele ya wakala kabla hujasaini.

Hatua ya 8: Meza na kiti

Meza ya plastiki haifai, inapinda ukiifunga na inatembea ukikata kona. Meza ya kioo usiiguse. Unahitaji ubao mgumu wenye ukingo ulionyooka, usio na urembo wa kuchonga chini yake, maana vibanio vinashika hapo.

Njia ambayo naiona bora kwetu ni kumtengenezesha seremala stendi ndogo. Mwambie hivi: miguu miwili ya mbele na miwili ya nyuma, juu ubao wa mninga wa kushika usukani, chini ubao mwingine wa kushika pedeli, na mbao mbili ndefu za kuunganisha juu na chini. Huo muungano ndio siri. Ukikanyaga breki, pedeli hazikimbii kwa sababu zimeshikana na kitu ulichokiegemea. Kaa kwenye kiti chako, nyoosha mikono hadi vifundo vya mikono viguse juu ya usukani bila mgongo kuinuka, na huo ndio umbali wake. Mpelekee seremala usukani wenyewe akate matundu kwa kuupima, siyo kwa kukisia.

Kiti cha ofisini chenye magurudumu kitarudi nyuma kila ukishika breki. Kifunge kamba kwenye stendi, au tumia kiti cha mbao. Kama sakafu ni vigae, weka kapeti chini ya pedeli. Za Logitech zina meno ya kunasa kapeti yanayofunguka kwa chini.

Hatua ya 9: Kuwasha

1. Mashine ikiwa imezimwa, chomeka pedeli kwenye usukani, kisha adapta, kisha USB moja kwa moja kwenye mashine. Usipitishe kwenye kigawanyio cha USB.
2. G29 na T150 zina swichi ya PS3 na PS4. Iweke PS4, hata kama mashine yako ni PS5.
3. Washa. Ondoa mikono. Uache ujizungushe hadi umalize. Ukiushika wakati huo, utaikosea katikati.
4. Bonyeza kitufe cha PS au cha Xbox kilicho kwenye usukani, uchague akaunti yako.
5. Ndani ya gemu, fungua mipangilio ya usukani. Kwenye Gran Turismo 7 kuna nguvu ya msukumo kutoka 1 hadi 10. Anza na 4 au 5, cheza, ndipo upandishe.

Usibadilishe mambo kumi kwa mara moja. Badilisha moja, zunguka raundi chache, ndipo uguse jingine. Na gari la kuanzia liwe dogo lenye nguvu ndogo. Kila mtu anakimbilia gari la mbio, anaishia kwenye mchanga, halafu anasema usukani mbovu.

Umeme ukikatika na kurudi, ukiwasha mashine usukani utajizungusha tena wenyewe, kwa nguvu. Kikombe cha chai na vidole vya watoto visiwe hapo.

Ikikataa

*Taa inawaka lakini haujizungushi.* Adapta haifikishi umeme. Kagua imekaa vizuri nyuma ya usukani, kisha jaribu soketi nyingine. Ikiendelea, fundi apime volti zinazotoka.

*Vitufe vinafanya kazi, kuzungusha hakufanyi.* Huenda gemu haikubali usukani; kagua pia swichi isiwe upande wa PS3. Rudi hatua ya 2.

*Gari linavuta upande mmoja.* Chomoa USB, subiri kidogo, chomeka bila kuushika. Ikirudia kila mara, kuna kitu kimepasuka ndani.

*Unakatika katikati ya mbio na kurudi.* Waya wa USB unavutwa au umeongezewa mwingine. Sogeza mashine karibu na stendi.

*Breki au mafuta yanarukaruka.* Kanyaga pedeli kwa nguvu mara ishirini, wakati mwingine vumbi linatoka lenyewe. Isipotosha, mpelekee fundi wa simu mwenye spreyi ya kusafishia saketi, afungue pedeli na kupulizia kile kidude kinachosuguana. Asitumie WD-40 wala mafuta ya cherehani, vinabaki ndani na kushika vumbi zaidi. Baada ya hapo zifunike kwa kitambaa kila unapomaliza kucheza, hasa miezi ya kusi ambapo upepo wa baharini unaingia hadi chumbani.